Mhunzi na Mtunzi: Historia ya Silaha za Kubuni, kutoka Mkuki wa Kajiado hadi Mchezo wa Mezani

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umemshughulikia sana shujaa, na kwa kiasi kidogo mno umeishughulikia silaha yake. Upanga, mkuki na upinde huchukuliwa kuwa vyombo tu vya kumpambia mhusika, kana kwamba havina historia wala muundo wake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba silaha ya kubuni ni kipengele cha fani kama vilivyo mandhari na usemi, na kwamba njia ambayo silaha hiyo imeipitia tangu karne ya 19 inagusa kwa karibu nyanda za Kajiado.

Msukumo wa mjadala huu unatokana na utanzu ambao bado ni mchanga. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Katika mchezo wa namna hii watu wachache huketi kuizunguka meza; mmoja wao huwa msimulizi, na kila mmoja wa waliosalia huigiza mhusika wake katika ulimwengu wa njozi. Panapozuka shaka kama tendo litafaulu au la, dadu hurushwa. Vitabu vya kanuni huorodhesha silaha na nguvu zake, lakini tangu mwanzo wachezaji wamekuwa na desturi ya kujibunia silaha zao wenyewe. Kwa hiyo mchezaji ni msikilizaji, fanani na fundi kwa wakati mmoja.

Swali linalohitaji kujibiwa ni hili: mtu akitaka kuingiza mezani silaha iliyochotwa katika historia ya Kajiado, anachukua nini na anaacha nini? Jibu la makala haya ni kwamba kinachoachwa, karibu kila mara, ni mhunzi.

2.0 Mkuki kabla ya kuingia kitabuni

Kitengela ya leo ni mji uliokua kwa kasi katika nyanda zilizo kusini ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na Kajiado ni mji wa reli ya Magadi na makao makuu ya kaunti. Kabla ya mikataba ya mwaka 1904 na 1911, iliyowahamisha Wamaasai kutoka sehemu kubwa ya malisho yao, nchi hii ilikuwa sehemu ya eneo pana zaidi la wafugaji hao. Humo mkuki, uitwao kwa Kimaa eremet, haukuwa chombo cha mtu mmoja. Ulikuwa fundo la mahusiano.

Kwa umbo, mkuki wa morani una sehemu tatu: bapa la chuma, mpini mfupi wa mti, na ncha ndefu ya chuma upande wa chini, ambayo huuwezesha kuchomekwa ardhini. Mwishoni mwa karne ya 19 palikuwapo mabapa mapana yenye umbo la jani, na palikuwapo pia mabapa marefu membamba yanayokaribia upanga. Aidha, mkuki ulikuwa na lugha yake. Kishada cha manyoya meusi ya mbuni kilipofunika ncha yake, kilitangaza kwamba mwenye mkuki hakuja kwa shari. Ngao ya ngozi nayo ilichorwa kwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, na michoro hiyo ilimtambulisha mbebaji na kundi lake. Alama ya ushujaa mkubwa haikuchorwa kwa matakwa ya mtu binafsi. Ilihitaji ridhaa ya wakuu. Mtu aliyejua kusoma ngao hakuhitaji kuuliza jina.

Nyuma ya haya yote alikuwapo mhunzi. Wahunzi wa Wamaasai, ilkunono, walikuwa kundi lililotengwa. Hawakuoana na Wamaasai wengine, na walihesabiwa kuwa na najisi itokanayo na kazi yao. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu lugha na masimulizi ya Wamaasai, anaeleza kwamba mtu aliyepokea upanga au mkuki kutoka kwa mhunzi alijipaka mafuta mikononi kwanza. Jamii iliyomtukuza mtumiaji wa silaha ilimdunisha aliyeifua. Chuma chenyewe kilikuwa na safari yake: katika karne ya 19 wahunzi walitumia pia senyenge iliyoletwa na misafara ya biashara kutoka pwani. Kwa maana hiyo mkuki wa bara ulikuwa na pwani ndani yake, na Mswahili aliyebeba mzigo wa senyenge alikuwa mmoja wa watu waliouwezesha kuwapo.

3.0 Kutoka kwa msafiri hadi kwa mwanariwaya

Mwaka 1883 Joseph Thomson, akitumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza, alisafiri kutoka Mombasa kuingia nchi ya Wamaasai. Kitabu chake, Through Masai Land, kilitoka mwaka 1885. Miaka miwili baadaye H. Rider Haggard alichapisha Allan Quatermain, riwaya ambayo sehemu yake ya kwanza inawapeleka wahusika kutoka Lamu hadi bara, ambako wanapambana na morani. Haggard alikuwa ameishi Afrika ya Kusini. Habari za Wamaasai alizipata kitabuni, na mwishoni mwa riwaya yake anakiri deni lake kwa Thomson.

Jambo linalostahili kuzingatiwa ni jinsi silaha zinavyogawanywa katika riwaya hiyo. Silaha za morani zinaelezwa kwa makini ya mwanaethnografia: upana wa bapa, ngao, mapambo. Lakini hazina majina wala tarehe, na wanaozibeba hufa kwa wingi katika shambulio la alfajiri. Kinyume chake, shoka la Umslopogaas, shujaa wa Kizulu aliye upande wa wasafiri, lina jina, Inkosi-kaas, lina mpini wa pembe ya kifaru, na lina mikato inayohesabu watu walioangushwa nalo. Shoka ni mhusika. Mkuki ni mandhari. Hata hivyo, silaha zote mbili zina upungufu mmoja. Historia ya shoka ni historia ya mtumiaji wake, na historia ya mkuki haipo kabisa. Hakuna mahali ambapo moto wa mhunzi unaangaza ukurasa.

Mkondo huu haukuishia Uingereza. Haggard alisomwa na J. R. R. Tolkien na waandishi wengine walioijenga fasihi ya njozi. Ulirejea pia Afrika Mashariki. Frederick Johnson alitafsiri Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyotoka mwaka 1929, na baadaye, katika miaka ya 1930, Hadithi ya Allan Quatermain. Hivyo msomaji wa Kiswahili alirudishiwa mkuki wa jirani yake ukiwa umekwisha pitia London, nao ulirudi bila mhunzi.

4.0 Silaha kama tarakimu

Mchezo wa mwaka 1974 ulirithi fasihi hiyo ya njozi, lakini ulirithi pia michezo ya vita ya vikaragosi, hususan Chainmail ya mwaka 1971, ambayo Gygax aliiandika pamoja na Jeff Perren. Urithi huu wa pili ndio uliotawala suala la silaha. Katika kanuni za kwanza kila silaha ilidhuru kwa kipimo kimoja, yaani dadu moja ya pande sita. Nyongeza ya Greyhawk ya mwaka 1975 ndiyo iliyotofautisha silaha kwa dadu mbalimbali. Katika kanuni zilizotolewa mwaka 2014 mkuki hupewa dadu ya pande sita, au ya pande nane ukishikwa kwa mikono miwili, na bei yake ni sarafu moja ya dhahabu. Rungu hupewa dadu ya pande nne.

Tarakimu hizi si dhambi. Bila kipimo hakuna mchezo, kama ambavyo bila mizani hakuna utenzi. Tatizo ni kwamba jedwali hueleza kile tu silaha inachomfanyia adui. Halielezi inachomfanyia mbebaji, wala ilitoka mikononi mwa nani. Kwa haki, kanuni za mwaka 1974 zenyewe zilihisi upungufu huo, kwani ziliweka panga za kichawi zenye akili na matakwa yake, zinazoweza hata kumtawala mtu anayezishika. Mbunifu wa kawaida wa silaha, hata hivyo, hushawishika kuongeza nambari: mkuki uleule, jina la kigeni, na nyongeza ya mbili au tatu. Jina la Kimaa likibandikwa juu ya jedwali la namna hiyo hugeuka pambo, sawa na ngao ndogo zinazouzwa kwa watalii.

5.0 Sindano ya Liyongo: silaha kama sharti

Fasihi ya Kiswahili ina mfano bora zaidi. Katika kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijumwa alikitungia utenzi mwaka 1913, shujaa asiyeshindika kwa silaha za kawaida anauawa kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Kwa jedwali la mchezo, sindano ni kitu hafifu kuliko vyote. Nguvu yake haimo katika ukali bali katika sharti lake: lazima iwe shaba, lazima iingie kitovuni, na lazima siri hiyo itolewe na Liyongo mwenyewe kwa mtu anayemwamini. Mtu huyo ni mwanawe, aliyerubuniwa kwa ahadi. Tena silaha inadai malipo, kwani mwana hapati alichoahidiwa na anakufa kwa maradhi. Na Liyongo, akiwa amekufa kwa goti moja kisimani huku upinde umevutwa, anawazuia watu wa mji kuteka maji. Silaha ya maiti inaendelea kufanya kazi kwa sababu hofu ya watu ndiyo nguvu yake.

Hapa panapatikana kanuni ya ubunifu: silaha ya kubuni hupimwa kwa masharti yake kabla ya kupimwa kwa dadu. Nani anaweza kuishika? Inadai nini? Inanyamazishwaje? Mkuki wa Kajiado unayajibu maswali haya bila kuongezewa uchawi wowote. Kishada cha manyoya ya mbuni, kwa mfano, ni kanuni ya mchezo iliyokamilika: mchezaji akikifunga, anazungumza na adui bila kushambuliwa, akikitumia kwa hila, hakuna atakayekiamini tena.

6.0 Mwaka 2012: Kitengela na Kimana

Mtu anaweza kudai kwamba haya ni mambo ya makavazi. Historia ya karibuni inakataa dai hilo. Juni 2012, katika kijiji kilicho karibu na Kitengela, simba sita waliuawa kwa mikuki baada ya kushambulia mifugo usiku. Nyanda ambazo wanyama wa mbuga walizitumia kama mapito zilikuwa zimegawanywa na kuzungushiwa nyua, na mfugaji na simba walibaki katika nafasi finyu. Mkuki haukuwa ishara ya utamaduni wakati ule. Ulikuwa jibu la hasara, na jibu hilo lenyewe likaleta hasara.

Desemba mwaka huohuo, huko Kimana, kusini ya kaunti hiyohiyo, yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano yajulikanayo kama Olimpiki ya Wamaasai, yaliyoungwa mkono na shirika la uhifadhi la Big Life pamoja na wazee walezi wa morani. Humo morani hukimbia, huruka, hurusha mkuki kwa umbali na rungu kwa shabaha, na sifa iliyopatikana zamani kwa kuua simba hutafutwa kwa alama. Huu ni ubunifu wa mchezo kwa maana halisi ya neno. Wabunifu wake hawakubadili chuma. Walibadili sharti la sifa. Swali lilelile la mezani, silaha hii inampa nini mbebaji, liliulizwa uwanjani likajibiwa upya. Lakini hata uwanjani anayepewa medali ni mrushaji. Aliyeufua mkuki haitwi.

7.0 Kumrudisha mhunzi

Mbunifu anayetaka kumrejesha mhunzi anakabiliwa na mtego. Akiyaacha mafuta yanayopakwa mikononi, amemfuta mhunzi kwa mara nyingine. Akiyaingiza kama kanuni, kwa mfano kwamba asiyejipaka mafuta atapata laana, ameithibitisha dharau kuwa kweli: katika ulimwengu wake wa kubuni ilkunono watakuwa najisi kweli, kwa amri ya dadu. Ubaguzi utakuwa umepandishwa cheo ukawa sheria ya maumbile.

Njia ya kutoka ni ya kifasihi. Imani ya wahusika isichanganywe na kanuni za ulimwengu wao. Mhunzi apewe nafasi ya mhusika: mwenye jina, ukoo, mivuo na fuawe, mwenye uwezo wa kukubali au kukataa kufua. Mafuta yabaki, lakini yawe tendo ambalo mchezaji analazimika kulifanya mbele ya macho ya mtu aliyemfulia silaha. Hapo jedwali haliongezeki hata nambari moja, na mezani kila mtu anajua kilichotokea. Mchezaji atachagua kujipaka au kutojipaka, na kila uchaguzi utakuwa na gharama yake: heshima ya wenzake, au heshima ya mhunzi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameifuatilia silaha ya kubuni kutoka moto wa ilkunono, kupitia senyenge ya pwani, kitabu cha Thomson, riwaya ya Haggard na tafsiri zake, hadi jedwali la mchezo wa mezani na uwanja wa Kimana. Katika kila kituo mtumiaji wa silaha ametukuzwa na mfuaji amesahauliwa. Jamii ilimtenga kwa mwiko, mwanariwaya alimpita bila kumwona, na jedwali limempunguza akawa sarafu moja ya dhahabu.

Ngao na mikuki miwili imo katika bendera ya Kenya tangu Desemba 1963, na hapana shaka vijana wataendelea kuibunia hadithi mpya. Wajibu wa mhakiki si kuwakataza kucheza na urithi huo. Wajibu wake ni kuwauliza, kila wanapoleta silaha mezani: nani aliifua, na alilipwa nini?