Makala, mbabula na Virunga: nani anamaliza msitu?

Kila tarehe 5 Juni, siku ya mazingira, sisi wa redio tunaletewa matangazo yale yale: mama, tumia mbabula ya kuboreshwa, baba, panda mti, ili hali ya hewa isiharibike. Nimeyasoma hewani mara nyingi na sina ubaya nayo. Lakini tukifuata historia ya makala mjini Goma, tunaona kwamba msitu wa Virunga haukuanza kuisha jikoni.

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Kuni hapa hakuna, kwa hiyo makala hutoka nje: Masisi, Rutshuru, mengine kwa mashua kupitia ziwa Kivu. Mengi yametoka ndani ya mbuga ya Virunga, iliyoundwa na Wabelgiji mwaka wa 1925, ya kwanza katika Afrika.

Pigo kubwa lilikuja Julai 1994. Kwa siku chache tu, wakimbizi mamia ya maelfu kutoka Rwanda walivuka mpaka. Kambi za Kibumba, Katale na Kahindo zikawekwa kando kabisa ya mbuga. Watu wakagawiwa mahindi na maharagwe, na kila mama anajua maharagwe makavu yanakaa motoni masaa mangapi. Moto utoke wapi? Asubuhi waliingia mbugani na mapanga, jioni wakatoka na mizigo kichwani. Iliendelea hivyo hadi 1996. Mwaka 1994 haukuisha kabla UNESCO haijaiweka Virunga kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Aliyekata mti alikuwa mkimbizi mwenye njaa. Lakini si yeye aliyechagua mahali pa kambi, wala chakula cha kupika.

Baada ya hapo makala yakawa biashara ya wenye bunduki. FDLR, na hata baadhi ya wanajeshi, walikula pesa kwa kila gunia. Julai 2007, sokwe wa familia ya Rugendo walipigwa risasi, si kwa ajili ya nyama, na uchunguzi ukaelekea kwa wakubwa wa makala. Walinzi wa mbuga zaidi ya 200 wameuawa katika miaka hii ya vita. Sasa niambieni, mbabula gani ingezuia hayo?

Hata hivyo mbabula ilisaidia. Ile ya bati yenye udongo wa kuchomwa ndani, ambayo Kenya wanaitumia tangu miaka ya 1980, ilifika kwetu pia, na vikundi vya wanawake wa Goma wakajifunza kuitengeneza. Gunia linadumu zaidi, na pesa inayobaki inaingia kwenye karo ya watoto. Ila mji ulikua haraka kuliko mbabula: kila vita vya Masisi au Rutshuru vinatuletea familia mpya, na chukudu za makala zinaongezeka barabarani.

Miti nayo ilipandwa. Tangu 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF uliwasaidia wakulima kupanda mikaratusi kwenye mashamba yao, ili makala yatoke huko. Wazo zuri, kwa mwenye shamba. Asiye na karatasi ya udongo atapanda mti wa miaka saba kwa ajili ya nani?

Kilichobadilisha mambo kweli ni maji ya mto. Desemba 2015 kituo cha umeme cha Matebe kilizinduliwa Rutshuru, megawati 13 hivi, na baadaye nyaya zikafika Goma. Vinu vikawaka, saluni zikawaka. Kwa mara ya kwanza mama angeweza kuacha makala bila kuhubiriwa. Wengi lakini waliwasha taa na kuchaji simu tu, maana kuungwa ni pesa na kupika kwa umeme ni pesa tena. Hapo uamuzi wa mtu mmoja mmoja ulikuwa na maana, kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuchagua.

Januari 2025, mapigano yalipofika Goma, umeme ulikatika pamoja na maji. Waliokuwa wamenunua jiko la umeme wakatoa tena mbabula uani.