Misonge saba ya Wae Rebo

Matangazo ya utalii hupenda kusema kwamba Wae Rebo ni kijiji ambacho dunia imekipita kando, na kwamba watu wake wanaishi vilevile walivyoishi mababu zao. Maneno hayo yanawavuta wageni, lakini historia ya kijiji chenyewe inayakataa. Wae Rebo ipo katika milima ya Manggarai, kisiwani Flores, mashariki mwa Indonesia, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Gari halifiki, mgeni hupanda kwa miguu kupitia msituni kwa saa kadhaa mpaka aone misonge saba imeuzunguka uwanja wa nyasi, na katikati yake compang, jukwaa la mawe la matambiko. Mandhari hiyo, inayoonekana kama imekuwapo tangu enzi na enzi, ilikamilika mwaka 2011. Kilichodumu Wae Rebo ni ujuzi wa kujenga upya, wala si majengo yenyewe, na ujuzi huo nusura upotee.

Msonge wa Wae Rebo, ambao wenyeji huuita mbaru niang, si kibanda cha kukimbilia mvua. Paa la nyasi na nyuzi nyeusi za mtende wa porini huanzia karibu kabisa na ardhi na kupanda hadi kwenye ncha, na katika nyumba kubwa kimo kinakaribia mita 15. Ndani mna ngazi tano. Ya chini, lutur, ndiyo makazi: vyumba vya familia kadhaa vimepangwa kwa kufuata duara, na meko yapo katikati. Juu yake ni lobo, dari la chakula na vyombo. Kisha lentar, panapotunzwa mbegu za msimu ujao. Kisha lempa rae, akiba ya mwaka wa ukame. Na kileleni kabisa ni hekang kode, mahali pa sadaka za mababu. Misumari haitumiki. Nguzo, fito na mianzi hufungwa kwa henzirani, na fundi hujua kwa mkono kamba ikazwe kiasi gani. Moshi wa mekoni hupanda ukapita ngazi zote, hukausha nyasi na kuwafukuza wadudu. Kwa hiyo msonge usiokaliwa huanza kuoza mapema. Uhai wake unategemea watu wanaopika ndani yake.

Zamani misonge kama hii ilionekana sehemu nyingi za Manggarai. Waholanzi walipoimarisha utawala wao huko mwanzoni mwa karne ya 20, maofisa wao waliitazama nyumba yenye familia nyingi, giza na moshi wakaona chanzo cha maradhi. Watu walishinikizwa kuibomoa na kujenga nyumba ndogo za pembe nne. Serikali ya Indonesia huru nayo iliendelea kuiona misonge kama dalili ya kubaki nyuma. Haikuhitajika vita wala moto. Ilitosha kwamba paa likichakaa, wenyewe wasiezeke tena.

Msomaji anaweza kupinga hapa: je, si umbali wa Wae Rebo ndio ulioiokoa? Kwa sehemu, ndiyo. Ofisa asiyependa kupanda mlima haleti amri mara kwa mara. Lakini umbali huohuo ulikuwa unakimaliza kijiji polepole. Shule ipo bondeni, katika kijiji cha Kombo, ambacho ni pacha wa Wae Rebo: watoto wanaosoma hukaa huko, na wazazi hugawana, wengine wakibaki juu kwenye mibuni na wengine wakishuka kulima mpunga. Mwaka 2008, kundi la wasanifu majengo kutoka Jakarta likiongozwa na Yori Antar lilipofika Wae Rebo, lilikuta misonge minne tu kati ya saba, na miwili kati ya hiyo ilikuwa katika hali mbaya. Hiyo ndiyo hesabu ya kijiji kinachodaiwa kuwa hakijaguswa. Kama kujitenga kungetosha, wasanifu hao wangekuta yote saba imesimama.

Wanakijiji walitaka misonge yao irudi. Kilichowakwamisha ni gharama, pamoja na ukweli kwamba vijana wengi hawakuwa wamewahi kuona msonge ukijengwa tangu nguzo ya kwanza. Wazee walikuwa na vipimo kichwani, navyo havikuwa vimeandikwa popote. Fedha zilitoka kwa wafadhili na serikalini, wasanifu wakapima na kuchora, lakini kazi ya kukata miti, kusimamisha nguzo na kufunga henzirani ilifanywa na wenyeji, kwa taratibu za matambiko zinazotangulia kila hatua. Kufikia 2011 misonge yote saba ilikuwa imesimama. Mwaka uliofuata UNESCO iliupa mradi huo tuzo yake ya juu kabisa ya uhifadhi wa urithi katika Asia na Pasifiki, na mwaka 2013 uliingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya usanifu ya Aga Khan.

Wapo watakaosema kwamba hiyo basi ni bandia: nyumba za juzi, kwa fedha za watu wa mjini, kwa ajili ya kamera za watalii. Pingamizi hili lina uzito zaidi kuliko lile la kwanza, ila linapima nyasi kwa kipimo cha mawe. Katika ujenzi wa mti na henzirani hakuna jengo la asili linaloweza kuhifadhiwa. Kila kizazi huezua na kuezeka, hubadilisha nguzo iliyoliwa, na ikibidi huanza upya. Msonge uliojengwa na wajukuu chini ya usimamizi wa babu zao, kwa vipimo vyao, na ukakaliwa na koo zilezile, ni halali kama ule uliotangulia. Bandia ingekuwa kuweka msonge wa saruji uliofunikwa nyasi, usio na mtu wala moto ndani.

Wenyeji wenyewe, kwa kweli, hawajawahi kudai kuwa hawabadiliki. Simulizi zao zinamtaja mwasisi, Empo Maro, kuwa alitoka mbali, Minangkabau, Sumatra, akahama kutoka mahali hadi mahali kabla ya kutulia. Mnyama aitwaye fungo alimsaidia katika safari hizo, na ndiyo maana wazao wa Empo Maro hawamli. Masimulizi hayo, hata yakichukuliwa kama hekaya tu, ni ya watu wanaojijua kuwa wahamiaji. Ni Wakatoliki, na bado kila Novemba hukusanyika kwa penti, sherehe ya shukrani na mwaka mpya, wakiwaita mababu kwa ngoma. Kahawa wanayoianika kwenye mikeka mbele ya misonge ni zao lililoingia Flores katika enzi ya ukoloni. Hakuna anayeona mgongano.

Utalii nao una madhara yake, na sioni sababu ya kuyaficha. Mgeni hupokewa kwanza na wazee katika nyumba kuu, Niang Gendang, wakamwombea kwa mababu, kisha hulala katika msonge uliotengwa kwa wageni, kwa malipo. Kipato hicho kimewapa vijana sababu ya kubaki. Lakini kila msonge unaogeuzwa malazi unapunguza nafasi ya familia zinazowasha moto, na watalii hawajui kuezeka. Serikali ya Indonesia ikitaka kweli kukisaidia kijiji hiki, na ianze na shule karibu zaidi na mlima na ruhusa ya uhakika kwa wenyeji kupata miti na henzirani msituni, kwa sababu misonge ya 2011 nayo itahitaji kujengwa tena.