Mtafiti anajuaje kama sokwe mtu ana njaa bila kumgusa?

Mnyama wa porini hapandi kwenye mizani wala haulizwi kama ameshiba. Kumpiga sindano ya usingizi ili atolewe damu ni hatari: anaweza kuanguka kutoka mtini, na hofu peke yake huvuruga vipimo. Ndiyo maana katika Hifadhi ya Taifa ya Kibale, magharibi mwa Uganda, watafiti wanaofuata sokwe wa Kanyawara huwahi alfajiri chini ya viota. Sokwe akiamka, hukojoa.

Mkojo hukingwa kwa plastiki iliyofungwa kwenye ufito wenye panda, au hunyonywa matone kutoka kwenye majani. Kinachotafutwa ni peptidi C. Kongosho linapotengeneza insulini, hutoa pia kipande hiki kwa kiasi kilekile, na sehemu yake hutoka na mkojo. Anayekula zaidi ya anachotumia huwa nacho kwa wingi. Mwenye upungufu huwa nacho kidogo. Kwa kuwa mkojo unaweza kuwa mzito au mwepesi, maabara hupima pia kreatinini, taka itokayo kwenye misuli, ili maji yasidanganye. Kanyawara, kipimo hupanda sokwe wanapopata matunda mabivu.

Tuelewane hapa: peptidi C haisemi ni nishati kiasi gani imetumika. Ni kama salio la simu, ambalo halikuambii umeongea dakika ngapi. Kwa kasi ya mwili kuunguza chakula, watafiti hugeukia T3, homoni ya tezi ya shingo, ambayo mwili wenye njaa huipunguza ili kubana matumizi. Hii hupatikana hata kwenye kinyesi. Mbali kabisa na Kibale, katika Bahari ya Salish kati ya Kanada na Marekani, mbwa aitwaye Tucker alinusa kinyesi cha nyangumi wauaji akiwa kwenye boti. Matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha kwamba uhaba wa samaki aina ya Chinook uliwaumiza kuliko usumbufu wa boti. 

Hata hivyo, kutomgusa mnyama si sawa na kutomdhuru. Mwaka 2013, virusi vya mafua ya binadamu viliua sokwe 5 kati ya 56 wa Kanyawara. Anayekinga mkojo anatakiwa avae barakoa na akae mbali na sokwe.