Kinachovuta wanunuzi nyumba inapouzwa

KUUZA nyumba si sawa na kuuza gunia la mahindi, ambalo likikosa mnunuzi leo hupelekwa soko jingine kesho. Kwa familia nyingi nchini Kenya, nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote zilizowahi kumilikiwa, na mara nyingi huuzwa kwa sababu ya haja isiyongoja: karo ya chuo, gharama za matibabu, uhamisho wa kikazi au mgawanyo wa urithi. Nyumba inapokaa miezi kadhaa bila mgeni kubisha hodi, mwenyewe huingiwa na hofu. Hofu hiyo ndiyo madalali huingoja ili wampe bei ya kutupa.

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya nyumba, methali hiyo ni kweli nusu. Nyumba nzuri iliyowekewa bei isiyofaa, au ambayo hati zake zina kasoro, hujitembeza mwaka mzima bila kupata wa kuitwaa. Muuzaji ana ngazi tatu za kupanda: kuwafanya watu waje kuitazama nyumba, kuwafanya waliokuja watoe ofa, na kuigeuza ofa iwe fedha.

BEI NDIYO TANGAZO LA KWANZA

Mnunuzi huanza na uwezo wa mfuko wake. Anayetafuta nyumba ya Sh8 milioni hatajishughulisha na tangazo la Sh11 milioni, hata kama mwenye nyumba yuko tayari kupunguza. Kosa linalorudiwa na wengi ni kupanga bei kwa kutazama deni la muuzaji au fedha alizotumia kujenga, ilhali mnunuzi hulinganisha nyumba hiyo na nyingine za aina yake katika mtaa uo huo.

Hata bei za majirani zafaa kupimwa kwa uangalifu, kwani zinazotangazwa ni bei zinazoombwa, wala si zilizolipwa. Njia ya hakika zaidi ni kumwita mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Wathamini, Sura 532. Faida yake huonekana baadaye pia. Benki haitoi mkopo wa nyumba kabla ya kuithamini, na iwapo bei iliyokubaliwa imepita mno thamani hiyo, mkopo hautatosha na mapatano huvunjika.

Majuma ya kwanza ya tangazo ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa wanaotafuta nyumba wakati huo huiona kwa mara ya kwanza. Inayoanza kwa bei ya juu kisha ikapunguzwa mara kwa mara huzua swali kwa wanaofuatilia: ina ila gani?

TANGAZO LINALOJIBU MASWALI

Tangazo jema humwezesha msomaji kujua kama safari ya kwenda kutazama itamfaa. Hutaja idadi ya vyumba, ukubwa wa ploti, umbali kutoka barabara ya lami, chanzo cha maji, na ikiwa ni fleti, ada ya huduma ya kila mwezi. Hutaja pia iwapo ardhi ni ya umiliki wa kudumu au ya kukodi, na miaka iliyosalia. Jambo hili lina uzito kwa wanunuzi wa kigeni, kwa kuwa kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 humruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa njia ya kukodi pekee, kwa muda usiozidi miaka 99.

Picha hupigwa mchana, mapazia yakiwa wazi na vyombo vimeondolewa sakafuni. Video fupi inayoanzia barabarani hadi jikoni huwasaidia Wakenya walio ughaibuni, ambao aghalabu huwatuma jamaa zao kuitazama nyumba kwa niaba yao.

Anayemtumia wakala ahakikishe kwamba amesajiliwa chini ya Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura 533, na kamisheni iandikwe kabla ya kazi kuanza. Kuwapa nyumba madalali watano ili ijulikane upesi huleta hasara. Kila mmoja hutangaza bei yake, na mnunuzi anayeikuta nyumba moja kwa bei tatu hushuku kuwa huo ni ulaghai.

SIKU YA KUTAZAMWA

Mgeni anapoingia hufungua mfereji, huwasha taa na kunusa hewa kabla ya kusifu ukubwa wa sebule. Kwa hiyo marekebisho madogo hulipa kuliko makubwa: mfereji unaovuja, kitasa kilicholegea, kioo kilichopasuka, ukuta wenye madoa, nyasi zilizoota langoni. Kubomoa jikoni na kujenga upya kabla ya kuuza ni kubahatisha, kwani mnunuzi huenda akataka jikoni ya namna nyingine.

Kasoro kubwa hazifichwi kwa rangi. Katika maeneo ya udongo mweusi kama Kitengela, udongo huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, na kuta zisizo na msingi thabiti hupata nyufa. Pwani, hewa ya chumvi hula vyuma vya madirisha na mabati. Mnunuzi makini huja na fundi wake, na akigundua ufa uliozibwa juzi, hukoma kuamini mengine yote aliyoambiwa. Ni heri muuzaji aueleze ufa huo mwenyewe na kuonyesha makadirio ya fundi, ili mazungumzo yawe juu ya gharama badala ya uaminifu.

Usalama nao usisahauliwe. Si kila anayebisha hodi ni mnunuzi. Wageni hupokewa mchana kwa miadi, majina yao yakiandikwa, na mwenye nyumba asiwe peke yake. Hatimiliki halisi haikabidhiwi mgeni wala dalali, kwani matapeli huitumia kughushi nyingine. Penye wapangaji, wapewe taarifa mapema. Mpangaji aliyeshtukizwa aweza kuharibu uuzaji kwa neno moja.

OFA NA MAPATANO

Ofa kubwa kuliko zote si lazima iwe bora. Muuzaji huuliza fedha zitatoka wapi: akiba, mkopo uliokwisha kuidhinishwa, au malipo ya awamu? Anayetoa kidogo kwa fedha zilizo tayari huenda akawa nafuu kuliko anayeahidi kingi kwa mkopo ambao hajauomba.

Mapatano ya mdomo hayatoshi. Tangu Juni 2003, Sheria ya Mikataba hairuhusu kesi juu ya uuzaji wa ardhi isipokuwa mkataba umeandikwa, umetiwa saini na pande zote na kushuhudiwa. Desturi ni mnunuzi kulipa asilimia 10 ya bei kama amana, ambayo hushikwa na wakili, na shughuli kukamilika kwa siku 90. Kabla ya amana kulipwa, si busara kuwafukuza wanunuzi wengine. Kabla ya bei yote kulipwa au kudhaminiwa na benki, si busara kukabidhi funguo.

Muuzaji akumbuke pia kuwa mnunuzi hubeba ushuru wa stempu: asilimia 4 mijini na asilimia 2 mashambani. Kwa nyumba ya mjini ya Sh10 milioni, hiyo ni Sh400,000 zaidi, nayo huhesabiwa katika kila ofa.

HATI HUAMUA YOTE

Mnunuzi Mkenya ana sababu ya kuogopa. Mnamo Novemba 2011, nyumba za watu zilibomolewa Syokimau katika ardhi iliyodaiwa kuwa ya Halmashauri ya Viwanja vya Ndege. Mnamo Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hatimiliki haimlindi mnunuzi, hata aliyenunua kwa nia njema, ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Tangu hapo mawakili hudai historia yote ya ploti, na muuzaji mwenye historia hiyo mkononi humtangulia mwenzake.

Pana hati nyingine zinazokwamisha mauzo. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mume au mke. Nyumba ya marehemu haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi, hata kama warithi wote wamekubaliana. Ardhi ya kilimo huhitaji kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi, nacho huombwa katika miezi sita ya mkataba. Ada za ardhi za kaunti zapasa ziwe zimelipwa, na penye mkopo, benki ieleze deni lililobaki.

Mwisho ni kodi ya faida ya mtaji, ambayo ni mzigo wa muuzaji. Ilirejeshwa mwaka wa 2015 kwa asilimia 5, na ikapanda hadi asilimia 15 mnamo Januari 2023. Aliyetumia Sh6 milioni kununua na kuboresha nyumba, akaiuza kwa Sh10 milioni, hudaiwa Sh600,000 kabla ya kuondoa gharama za uuzaji. Hata hivyo, makao ambayo mwenyewe ameishi kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza husamehewa kodi hiyo. Anayejua hesabu hii mapema hujua bei ya chini kabisa anayoweza kuikubali.

Kwa hivyo mpangilio wenye manufaa ni kinyume cha ule uliozoeleka. Wengi hutangaza kwanza, hupaka rangi wakisikia mgeni yu njiani, na hutafuta hati mnunuzi akishapatikana. Anayeanza na hati, akafuata na bei, kisha rangi na tangazo mwishoni, humpokea mgeni akiwa na jibu la kila swali, na halazimiki kukubali ofa ya kwanza kwa woga.