Rovu la Shosho, Uchovu wa Dada

Shosho yangu wa Meru alikuwa na rovu. Lilikaa mbele ya shingo, kubwa kama embe, na alilifunika kwa leso hata jua likiwa kali. Tukiwa watoto tulidhani ni kitu ambacho wazee huota tu, kama mvi. Hakuna aliyetuambia ni ugonjwa.

Dada yangu ameolewa Embu. Mwaka jana Septemba alijifungua mtoto wa pili, na kufikia Januari alikuwa hawezi kunyanyua ndoo ya maji. Nywele zinatoka, baridi inamwingia mchana, mtoto analia yeye hasikii. Mama mkwe alivumilia, kisha siku moja akasema: "Sisi tulizaa saba na tukaenda shamba." Kliniki wakamwambia ni uchovu wa kulea, wakampa tembe za kuongeza damu. Ilipita miezi mitatu tena kabla daktari mmoja kumpapasa shingo na kuitisha kipimo cha dundumio, ile tezi ambayo wengi wetu tunaiita thairoidi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina karatasi ya kuniruhusu kuzungumzia homoni. Nilikuwa na bando na hasira tu. Nikaanza kusoma.

Kumbe shosho na dada hawakuwa na ugonjwa mmoja, ingawa tezi ni ile ile. Tezi hii hutengeneza homoni kwa kutumia iodini, na milimani mvua za karne nyingi huisafisha iodini udongoni. Ukila mahindi na viazi vya mteremko huohuo maisha yako yote, tezi inafura ikijaribu kunasa hicho kidogo kilichopo. Kisiwani Idjwi, kwenye Ziwa Kivu, watafiti waligundua kitu kingine: muhogo usioandaliwa vizuri huizuia tezi kutumia hata iodini inayoipata. Kenya ilianza kutia iodini kwenye chumvi mwaka 1970, na mwaka 1978 sheria ikalazimisha. (Nilidhani chumvi ya bahari huja nayo tayari. Wapi! Ina kidogo mno.) Lakini chumvi huzuia rovu, hailiondoi lililokomaa. Shosho alikuwa mtu mzima sheria ilipokuja.

Ya dada ni tofauti. Mwanamke akiwa na mimba, kinga ya mwili hupoa kidogo ili mtoto avumiliwe. Akishajifungua, kinga inarudi kwa kishindo, na kwa wengine inaivamia dundumio. Kwanza homoni zilizohifadhiwa zinamwagika, moyo unaenda mbio. Halafu zinaisha, na hapo ndipo uchovu unapoingia. Mwaka 1948 daktari wa New Zealand aitwaye Roberton aliandika kuhusu wanawake waliobaki wachovu, wenye baridi na nywele mbovu baada ya kuzaa, na wakapata nafuu kwa dawa ya tezi. Hawakumsikiza sana. Ni hadi miaka ya 1970 ambapo Nobuyuki Amino na wenzake kule Japani walipima damu na kuonyesha kwamba jambo hili lipo kweli. Karibu miaka thelathini! Wanawake wangapi waliambiwa ni wavivu wakati huo wote?

Na si kwamba dawa haikuwepo. Mwaka 1891 George Murray, daktari wa Newcastle, alimdunga mwanamke maji yaliyotolewa kwenye tezi ya kondoo. Mama huyo aliishi miaka 28 zaidi. Siku ya Krismasi 1914, Edward Kendall, Mmarekani, akaitenga homoni yenyewe, na mwaka 1927 Harington na Barger wakaiunda maabarani. Tembe ya dada, levothairoksini, ni mjukuu wa kazi hiyo.

Wiki sita za kwanza haikumsaidia. Alikuwa anaimeza na chai ya maziwa, pamoja na tembe za damu, zote kwa mkupuo mmoja asubuhi. Chuma na kalsiamu huishika dawa hii tumboni isiingie mwilini. Zinatakiwa zipishane kwa saa nne hivi, na chai ingoje angalau nusu saa. Aliyemuuzia hakumwambia. Nilimpigia simu kumweleza, akanyamaza, halafu akasema, "Kwa hivyo nilikuwa nakunywa bure?"

Sasa anaimeza kwa maji saa kumi na moja alfajiri, mtoto akimwamsha. Tembe za damu ni za jioni. Daktari alimwambia wengi hupona ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi, wengine hutumia dawa maisha yao yote, na kipimo ndicho kitasema. Kinachofuata ni Agosti. Wiki iliyopita alibeba ndoo mbili kutoka bombani, na mama mkwe ndiye anayemficha birika asiguse chai mapema.