Mashine za Michezo ya Televisheni Katika Nyumba Zetu: Bei Yake Jana na Leo

Historia ya ukoo uliotawanyika aghalabu huandikwa kwa hati za mashamba, pasi za kusafiria na vyeti vya ndoa. Makala haya yanafuata chombo kingine, ambacho wazee wengi walikiona kuwa ni upuuzi: mashine ya michezo ya televisheni. Ni nadra kuipata nyumba ya jamaa, iwe Maskati, London au Toronto, iliyolea watoto baina ya mwaka 1980 na 2000 bila ya kuwa na mashine hiyo, au bila ya kuombwa kila siku iwe nayo. Leo zimelala darini na chini ya vitanda, na kila tunapokutana hakosi mtu wa kuuliza kama azitupe, aziuze au aziweke. Swali hilo linastahiki jibu lenye hesabu ndani yake.

Mashine ya kwanza ya nyumbani, Odyssey ya kampuni ya Magnavox, ilitoka Marekani mwaka 1972, nayo ilitokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer. Lakini iliyoingia majumbani kwa wingi ni ile ya Atari ya mwaka 1977. Iliuzwa dola 199, na kwa thamani ya leo fedha hizo zinakaribia dola 1,000. Katika nchi za Kiarabu jina la kampuni hiyo likawa jina la kitu chenyewe, kiasi kwamba wapo jamaa wa Ghuba ambao hadi leo husema "atari" hali wanakusudia mashine ya kampuni nyingine kabisa. Kule Ghuba palikuwa pia na njia ya heshima ya kumshawishi baba. Kampuni ya Al-Alamiah ya Kuwait, chini ya Mohammed Al-Sharekh, iliuza kompyuta za Sakhr zilizoandika Kiarabu. Mzazi alinunua kompyuta ya kusomea. Mtoto alijua kwamba juu yake pana tundu la kuchomekea kaseti ya mchezo. (Kaseti hapa ni ile ya plastiki ya michezo, si ya muziki, jina hilo tumelizoea na sioni haja ya kulibadilisha.)

Nintendo ya Japani ilitoa Famicom mwaka 1983 kwa yeni 14,800, kisha ikaipeleka Marekani mwaka 1985 ikiwa na umbo na jina jingine. Sega ikafuata na Mega Drive, iliyofika Uingereza mwaka 1990 kwa paundi 189.99, ambazo leo ni zaidi ya paundi 400. Kwa familia iliyokuwa ikilipa kodi ya nyumba kwa wiki na kutuma fedha Unguja, Tanga au Mombasa kila mwezi, hiyo haikuwa fedha ya mchezo. Tena mashine peke yake ni sanduku tupu. Kaseti mpya ya Street Fighter II kwa mashine ya Super Nintendo iliuzwa Uingereza mwaka 1992 kwa zaidi ya paundi 60. Sababu ni kwamba kila kaseti ilikuwa na vipande vya kumbukumbu vya elektroniki ndani yake, vya ghali kutengeneza, na mtengenezaji wa mashine alitoza ada yake juu ya kila moja. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya kuazimana. Kaseti moja ilizunguka nyumba tano za binamu, na mwenye kuirudisha bila ya kisanduku chake alipata lawama za miaka.

Sony ilipoingia na PlayStation ya diski, bei ya michezo ilishuka kwa kuwa diski ni rahisi kuchapa. Mashine yenyewe, hata hivyo, ilifichua jambo walilolijua siku zote jamaa wa pande mbili za Atlantiki: mwezi Septemba mwaka 1995 iliuzwa Marekani kwa dola 299 na Uingereza kwa paundi 299, ilhali paundi moja ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola moja na nusu. Aliyekuwa na mjomba Amerika alidhani amepata ufumbuzi. Kumbe umeme wa huko ni wa volti 120, na wetu, wa Uingereza, Omani na Afrika Mashariki, ni wa 230 au 240. Zawadi nyingi zilitoa moshi siku ya kwanza, kabla hata ya wimbo wa mwanzo.

Zilizosalimika zilikutana na kikwazo cha pili. Televisheni za Marekani na Japani zilifuata mfumo wa NTSC, unaochora picha mara 60 kwa sekunde, na za kwetu mfumo wa PAL, mara 50. Mashine ya mfumo mmoja ilitoa picha isiyo na rangi au inayotembea kwenye televisheni ya mfumo mwingine. Isitoshe, michezo mingi ilihamishiwa PAL bila ya kurekebishwa, ikawa inakwenda polepole kwa kiasi cha sehemu moja ya sita, muziki pia ukiburuta. Sonic ya mwaka 1991 ni mfano mashuhuri. Kwa hivyo ule ubishi wa zamani baina ya watoto wa Marekani na wa Uingereza, kila upande ukiapa kwamba Sonic wa upande wa pili "ameharibika", ulikuwa na msingi. Wote walisema kweli.

Nyumbani hali ilikuwa tofauti. Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Kenya ilikuwa na kituo tangu mwaka 1962, lakini Tanzania Bara ilikaa bila ya kituo chake hata kimoja hadi mwaka 1994. Televisheni zilipoenea, mashine zilizotangulia kuonekana katika nyumba nyingi si za Nintendo wala za Sega, bali nakala za bei nafuu za Famicom kutoka Taiwan na China. Kaseti zake zilitangaza michezo 9,999,999 ndani ya moja. Ukizihesabu ni chache tu, zikirudiwa kwa majina mbalimbali. Wapo wanaozidharau nakala hizo. Mimi naona ndizo zilizowawezesha watoto waliobaki kuzungumza lugha moja na binamu zao waliorudi likizo.

Sasa tuje kwenye bei ya leo. Mwezi Julai mwaka 2021, katika mnada wa Heritage Auctions huko Marekani, kaseti ya Super Mario 64 iliuzwa kwa dola milioni 1.56. Habari hiyo iliwafanya wengi wetu wapande darini kwa ngazi. Tahadhari, ndugu zangu. Mchezo huo uliuzwa nakala zaidi ya milioni 11, na nakala ya kawaida iliyochezwa hupatikana kwa makumi machache ya dola. Ile ya mnadani ilikuwa haijafunguliwa, imo ndani ya nailoni yake ya kiwandani, na imepimwa na kupewa alama ya juu sana ya ubora. Kwa maneno mengine, kilicholipiwa mamilioni ni kule kutoguswa na mtoto yeyote.

Za kwetu ziliguswa. Kisanduku kilitupwa siku ya sikukuu, kitabu cha maelezo kikachorwa, na plastiki ya kijivu ikageuka njano kwa sababu ya kemikali za kuzuia moto zilizochanganywa ndani yake. Juu ya kaseti pana jina la mtoto kwa kalamu ya wino usiofutika, wakati mwingine majina mawili, la pili likiwa limeandikwa juu ya la kwanza lililokatwa. Mnunuzi akiona jina hilo hupunguza bei. Kwa ukoo wetu jina hilo ni hati: linaonyesha kaseti ilianzia nyumba gani na ikaishia wapi.

Ipo hati nyingine isiyoonekana, nayo ndiyo inayonihangaisha. Kuanzia The Legend of Zelda iliyotoka Marekani mwaka 1987, kaseti nyingi za michezo mirefu zilitiwa betri ndogo ya duara mfano wa ile ya saa, ili kuhifadhi maendeleo ya mchezaji pamoja na jina alilojiandikisha. Michezo ya Pokémon ya Game Boy iliruhusu herufi 7 tu: Abdalla aliingia mzima, Abdulrahman akabaki Abdulra. Betri hizo zilikusudiwa kudumu miaka kiasi cha 15 au 20, na nyingi zimeshapita muda huo. Zile za Pokémon Gold na Silver huisha mapema zaidi, kwa kuwa huendesha saa iliyomo ndani. Siku betri inapokufa, majina yote hufutika. Baadhi ya majina hayo ni ya vijana wetu ambao leo tunawataja kwa kuwaombea rehema.

Anayetaka tu kuucheza tena mchezo wa utotoni asiingie gharama kubwa. Mwaka 2016 Nintendo wenyewe walitoa mashine ndogo yenye michezo 30 ndani, kwa paundi 49.99, ikagombaniwa madukani, na baadhi ya michezo mashuhuri imeuzwa tena katika mashine mpya. Mingi zaidi haikubahatika: uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 na taasisi ya Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani kwa njia ya halali. Na mchezo wa bunduki wa Duck Hunt hauchezeki kwenye televisheni bapa, kwani bunduki yake husoma mwanga wa televisheni za zamani zenye kioo kinene, ambazo sote tumezitupa kwa furaha.

Basi rai yangu kwa wenye masanduku ni hii. Kuuza si haramu, na aliye na dhiki auze. Lakini kabla ya kuuza, piga picha ya jina lililo juu ya kaseti. Kama ni kaseti ya betri, usiifungue mwenyewe: betri imelehemiwa, na ukiing'oa kumbukumbu huondoka papo hapo. Vipo vifaa vidogo vinavyounganishwa na kompyuta na kuinakili kumbukumbu hiyo kwa dakika chache, kisha betri mpya hutiwa na majina yakarudishwa mahali pake. Vijana wawili watatu katika ukoo wanaijua kazi hiyo, nao wamekubali kuweka meza siku ya pili ya mkutano, baada ya chakula cha mchana. Njooni na kaseti zenu zikiwa ndani ya mfuko mkavu, pamoja na karatasi yenye jina la nyumba ilikotoka. Wa Marekani wasilete mashine, umeme tunaujua.