RuneScape: mwendo wa kobe uliotufaa, mwendo wa kobe uliotuudhi

Leo naweka kando habari za hifadhidata niwasimulie juu ya mchezo ulionila saa nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mchezo wenyewe ni RuneScape. Nauandikia kwa jicho la msanidi programu, kwa sababu kitu kilichoufanya uchezeke Nairobi mwaka wa 2005 ndicho hicho hicho kilichotufanya tutamani kuvunja kibodi.

Kwanza tulikotoka. Michezo ya aina hii, ambapo watu wengi huingia katika dunia moja ya kubuni yenye majoka na wachawi, ina chimbuko lake chuoni. Mwaka wa 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika programu aliyoiita MUD, kisha mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Hakukuwa na picha hata moja. Ulisoma maelezo ya chumba, ukaandika amri, ukasoma kilichokupata. Miaka ishirini hivi baadaye, kijana wa Cambridge aitwaye Andrew Gower alitaka MUD yenye picha, na lugha aliyoichagua ni Java, ili mchezo uendeshwe ndani ya kivinjari. RuneScape ilifunguliwa tarehe 4 Januari 2001, na ndugu yake Paul alikuwa mmoja wa walioijenga.

Hebu fikiria maana ya uamuzi huo kwa mtu wa huku. World of Warcraft ilipotoka Novemba 2004 ilitaka tarakilishi yenye kadi nzuri ya picha, nafasi kubwa ya diski, na ada ya kila mwezi. Sisi tulikuwa na saiba ya ghorofa ya pili, mashine kumi, shilingi moja kwa dakika, na karatasi ukutani: USIWEKE PROGRAMU YOYOTE. RuneScape haikuwekwa popote. Unafungua ukurasa, unasubiri (muda wa kununua mandazi na kurudi), halafu uko Lumbridge unachinja ng'ombe na kuuza ngozi. Bure! Sehemu ya kulipia iliongezwa mwaka wa 2002, lakini ile ya bure ilitutosha.

Sasa tuje kwenye uhandisi. Kabla ya nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, kufika Mombasa mwaka wa 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti. Setilaiti hizo huelea karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Amri yako inapanda, inashuka, na jibu nalo linapanda na kushuka: safari nne, kilomita kama 144,000. Hata kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde, na bado hujahesabu foleni ya watu wengine tisa wanaofungua barua pepe. Mchezo wa kufyatuliana risasi kwa hali hiyo ni kujidanganya. Unampiga mtu aliyeondoka zamani.

RuneScape haikujali. Seva yake haishughulikii amri papo hapo, bali hukusanya amri za wote na kuzitekeleza kwa pamoja kila baada ya sekunde 0.6. Hatua, pigo la upanga, shoka kwenye mti, vyote hufuata mpigo huo. Mchezaji wa London mwenye laini nzuri naye alikuwa akisubiri mpigo. Sisi tulichelewa mpigo mmoja, pengine miwili, basi. Sijui mchezo mwingine wa enzi hizo uliotuweka karibu hivyo na wenzetu wa ng'ambo.

Lakini laini ikikatika kabisa, hapo ndipo ubaya ulipoingia. Ukiwa vitani, mhusika wako hatoweki nawe, anabaki pale amesimama kama gogo, akipigwa. Enzi hizo ukifa ulibaki na vitu vitatu vya thamani zaidi, vingine vilianguka chini, na baada ya dakika chache havikuwapo. Jioni moja stima zilipotea mtaa mzima nikiwa katikati ya mapigano. Silaha ya miezi miwili, kwisha. Mwenye saiba hakunirudishia hata shilingi zangu thelathini.

Kero ya pili ni hesabu. Ujuzi wowote, uwe kuvua, kuchimba madini au kukata miti, ulikuwa na ngazi 99. Kutoka ngazi ya 1 hadi ya 2 unahitaji pointi 83 tu. Kufika ya 99 unahitaji 13,034,431. Mahitaji huongezeka takriban maradufu kila baada ya ngazi saba, kwa hiyo mtu aliyefika ngazi ya 92 yuko nusu ya safari! (Soma tena sentensi hiyo, mimi ilinichukua mwaka kuamini.) Tulikuwa tukivua kamba mawe kwenye kisiwa cha Karamja, pointi 90 kwa kila mmoja. Kutoka ngazi ya 40, anapoanza kupatikana, hadi 99 ni kamba zaidi ya 144,000. Ni kazi ya kijungujiko. Hata hivyo, tukiwa pale ufukweni bila la kufanya ila kubofya mara moja kila baada ya muda, ndipo tulipopiga soga. Binamu yangu alipokwenda kusoma Eldoret tulikutana hapo kila Jumamosi. Ada ya simu ilikuwa ghali, kamba walikuwa bure.

Bila shaka mwendo huo wa kobe ulizaa soko. Kama dhahabu ya mchezo inachukua siku nyingi kuipata, atatokea mtu wa kuinunua kwa dola, na mwingine wa kuandika programu ya kuvua usiku kucha. Kampuni ya Jagex ilieleza kwamba wauzaji hao walilipia akaunti zao kwa kadi zilizoibwa, na benki zikadai pesa zirudishwe. Hivyo Desemba 2007 ikaondoa mapigano huru katika nyika ya kaskazini, na mwanzoni mwa Januari 2008 ikazuia biashara isiyo na uwiano. Ukitoa kitu cha thamani sharti upokee cha thamani karibu sawa, tofauti isizidi sarafu 3,000 hivi.

Ugonjwa waliutambua vyema, dawa ndiyo iliyonishinda kumeza. Mchezo ulikuwa umejengwa juu ya kupeana. Nilimvisha binamu deraya yake ya kwanza, naye aliniazima shoka. Kuanzia hapo seva ilimwona kila mkarimu kama mhalifu, kwa kuwa kimsimbo zawadi na magendo havitofautiani. Yeye aliacha kuingia, nami nikafuata.

Kuanzia Desemba 2010 hadi Januari 2011 Jagex iliwauliza wachezaji. Kura kama milioni 1.2 zilipigwa, asilimia 91 wakataka mambo yarudi, na tarehe 1 Februari yakarudi. Ila mchezo ulikuwa umeshabadilika sura. Ndipo mwaka wa 2013, baada ya kura nyingine, wakachukua nakala ya akiba ya Agosti 2007 na kuifungua upya kama Old School RuneScape. Dunia ilirudi, kamba wangu hawakurudi, maana kila mtu alianza sifuri. Na soko la dhahabu nalo likarudi: uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, watu huko waliwinda majoka ya kijani ili wauze dhahabu wanunue chakula. Hapo neno "mchezo" linanitia shaka.

Tarehe 30 Oktoba 2018 Old School ilikuja kwenye simu, ikiwa na mpigo ule ule wa sekunde 0.6. Nilijaribu ndani ya matatu, Thika Road, mtandao ukija na kuondoka, na nikavua bila tabu. Nikamtumia binamu ujumbe. Jioni akatokea Lumbridge amevaa nguo za mgeni, hana hata kisu, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Una shoka?"